Mjini unafunguka, kijijini unaganda: tatizo la ukurasa liko wapi?

Mwezi uliopita mama mmoja wa Namtumbo alipiga simu kipindini akiwa amechoka na amekasirika. Binti yake amemaliza kidato cha sita na anaomba chuo, na maombi yanapokelewa kwa mtandao tu. Siku tatu mfululizo walipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtandao unasoma vizuri, wakafungua ukurasa wa maombi. Jina la chuo linatokea, nembo inatokea nusu, kisha kiduara kinazunguka mpaka bando linakata. Siku ya nne akatafuta nauli, binti akaenda Songea. Kijana wa steshenari akaufungua ukurasa ule ule ndani ya nusu dakika, akajaza fomu, akachukua hela yake.

Swali la mama lilikuwa rahisi. Je, simu yake ni mbovu, mnara wao ni mbovu, au wenye ukurasa hawawataki watu wa vijijini?

Nilimjibu hewani kwamba azime simu na kuiwasha. Ndilo jibu tunalopeana sote, na halikumsaidia. Baada ya kipindi nikakumbuka jambo alilolisema katikati ya malalamiko yake, ambalo sikulitilia maanani: siku zote hizo tatu WhatsApp yake ilikuwa inafanya kazi. Meseji zinaingia, zinatoka. Kwa hiyo mtandao ulikuwepo. Kilichoganda ni ukurasa ule, na kurasa nyingine kubwa kama ule.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasumbua mafundi na watu wanaotengeneza mifumo. Nilichojifunza ni kwamba neno letu moja, "mtandao unasumbua", linafunika matatizo kama manne tofauti, na kila moja lina dalili zake. Matatu kati ya hayo hayatokani na simu yako.

Na si jambo dogo siku hizi. Sheria ya Serikali Mtandao ilipitishwa mwaka 2019, na huduma nyingi zimehama kutoka dirishani kwenda kwenye skrini: maombi ya kazi, mikopo ya wanafunzi, nafasi za vyuo, namba za malipo. Dirisha la zamani lilikuwa na foleni, lakini ukifika unamwona mtu. Hili jipya likiganda saa chache kabla ya tarehe ya mwisho hakuna wa kumgongea mlango.

Ukurasa una uzito wake

Msikilizaji, MB unazozijua kwenye bando ndizo hizo hizo zilizo kwenye ukurasa. Kila ukurasa unaoufungua ni mzigo unaosafirishwa mpaka kwenye simu yako, na mizigo hiyo imekua mwaka hadi mwaka. Ukurasa wa kawaida wa mtandao duniani sasa umepita MB 2, hata ule uliotengenezwa kwa ajili ya simu. Makala hii unayosoma, maandishi yake peke yake, hayafiki KB 20, yaani ni chini ya moja ya mia ya MB 2. Ule mzigo mwingine wote kwenye kurasa ni picha, maumbo ya herufi za mapambo, matangazo, na vijiprogramu vinavyoendeshwa ndani ya simu yako ili menyu iteleze au ili mwenye ukurasa ajue umebonyeza wapi.

Tufanye hesabu. Juu ya skrini yako ukiona herufi E, uko kwenye 2G, na kasi unayoipata kweli inaweza kuwa kilobiti 100 kwa sekunde. MB 2 kwa kasi hiyo ni sekunde 160, yaani dakika mbili na sekunde 40, ikiwa hakuna kilichopotea njiani. Na lazima kitu kipotee njiani. Kwenye 3G inayotoa megabiti moja, ukurasa huo huo ni sekunde 16. Kijana wa steshenari yeye ana nyaya au 4G ya katikati ya mji, wala haoni tofauti.

Sasa angalia tovuti za ofisi zetu nyingi. Ukurasa wa mbele una picha tano zinazopishana: mgeni rasmi anakata utepe, mgeni rasmi anapanda mti. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya kisasa ni MB 4 au 5, na asiyeipunguza kabla ya kuiweka anamtwisha mkulima gunia la mchanga kabla hajafika kwenye fomu aliyoifuata. Sina ugomvi na kukata utepe. Nina ugomvi na MB 5.

Kuna kisa kimoja cha kweli ambacho kila mtengeneza tovuti angekijua. Mwaka 2009 mhandisi wa YouTube, Chris Zacharias, aliona ukurasa wa video wao umefika MB 1.2 kabla hata video yenyewe haijaanza. Akaamua kutengeneza mwingine usiozidi KB 100, akafika KB 98. Wakautoa kwa baadhi ya watumiaji, wakapima. Matokeo yakawashangaza: wastani wa muda wa kufungua ukurasa haukushuka, ulipanda. Mwepesi umekuwaje wa polepole?

Walipotazama wapimaji walikotoka ndipo wakaelewa. Watu wa Afrika, Amerika Kusini, Asia ya Kusini-Mashariki na Siberia, ambao ukurasa wa zamani ungewachukua zaidi ya dakika 20, sasa ulikuwa unawafungukia kwa dakika kama mbili. Dakika mbili ni nyingi, ndiyo maana wastani ulipanda. Lakini kabla ya hapo watu hao hawakuwemo kwenye hesabu kabisa. Walikuwa wanajaribu, wanakata tamaa, wanaondoka, na takwimu za YouTube zinaonyesha kila kitu ni shwari.

Hapo ndipo penye jibu la mama wa Namtumbo. Ofisi inayoangalia takwimu zake inamwona kijana wa steshenari wa Songea aliyefungua ukurasa kwa nusu dakika. Mama na kichuguu chake hawaonekani popote, kwa sababu hawakumaliza kufungua. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kuwatenga watu wa vijijini. Wameachwa na kipimo kinachowahesabu waliofika tu.

Safari ni ndefu, na salamu ni nyingi

Uzito ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umbali. Mwanga unaobeba data ndani ya waya wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam mpaka London kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500, na nyaya haziendi kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi mara moja tu ni karibu moja ya kumi ya sekunde au zaidi, hata mitambo yote iwe mipya.

Moja ya kumi ya sekunde si kitu, utasema. Lakini simu haiombi ukurasa mara moja ikapewa. Kwanza inauliza anwani ya seva, kisha inabisha hodi na kujibiwa, kisha wanakubaliana namna ya kufunga mazungumzo kwa siri, ndipo iombe. Hayo ni mazungumzo ya kwenda na kurudi mara tatu au nne kabla ya herufi ya kwanza kuja. Ukurasa ukiwa umeokota vipande kutoka seva kumi tofauti, huku picha, kule herufi, kwingine matangazo, hodi zinapigwa upya kwa kila seva.

Tena seva ina tahadhari. Haimwagi mzigo wote kwa pamoja. Mara nyingi huanza na pakiti 10, yaani KB 14 hivi, inasubiri simu yako iseme zimefika, ndipo iongeze mara mbili, na kuendelea hivyo. Pakiti zikipotea, seva inadhani njia imejaa na inapunguza kasi. Kijijini, ambako mnara mmoja unahudumia vijiji kadhaa na mvua imetanda, pakiti hupotea kila mara, na seva inarudi nyuma kila mara. Ndiyo maana unaona kichwa cha ukurasa na nusu ya nembo. Zile KB za mwanzo zilipita.

Umbali huu tuliuonja wote Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa pwani ya Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji zote ziliguswa. Na upande wa kaskazini njia ilikuwa imeshapungua, maana mwezi Februari mwaka huo huo nyaya nne zilidhurika kwenye Bahari ya Shamu. Data ikalazimika kubanana kwenye njia chache zilizobaki. Hapa studio tulikuwa tunapokea meseji zenu za maandishi bila shida kubwa, ila picha na sauti zilikuwa zinazunguka tu. Kidogo kinapita, kikubwa kinakwama. Siku ile mjini walionja kwa muda yale ambayo vijijini ni mazoea.

Ndiyo maana mahali seva ilipo pana maana. Dar es Salaam na Arusha kuna vituo vya kubadilishana data ambako kampuni za intaneti za hapa nchini hukutana, ili data ya Songea kwenda Dar isilazimike kuzunguka Ulaya. Lakini kituo hicho hakikusaidii kama ukurasa wa huduma ya Mtanzania kwa Mtanzania umewekwa kwenye seva ya ng'ambo, au kama seva iko Dar lakini ukurasa unaagiza herufi zake za mapambo kutoka Marekani.

Daraja dogo na mjumbe aliyezuiwa getini

Hili la tatu ndilo lililonichukua muda kulielewa, na ndilo ambalo hata mafundi wengi hulikosa. Ofisi moja mkoani kwetu ilikuwa na tatizo la ajabu. Wanaingia kwenye mfumo ulioko makao makuu kupitia njia maalumu ya VPN. Kuingia wanaingia. Kurasa fupi zinafunguka papo hapo. Wakifungua orodha ndefu, ukurasa unaganda, si polepole, unaganda kabisa, hata ukisubiri saa nzima. Wakipiga simu makao makuu wanajibiwa kwamba hapa kwetu inafunguka, tatizo ni mtandao wenu. Wakibadili kompyuta, yale yale. Miezi kadhaa ilipita hivyo.

Iko hivi. Data haisafiri kama mzigo mmoja, inakatwa vipande vinavyoitwa pakiti, na kwa kawaida pakiti moja haizidi baiti 1,500. Kipimo hicho cha juu kinaitwa MTU. Ila si kila njia inabeba 1,500. VPN inaiweka pakiti yako ndani ya bahasha nyingine, na bahasha inachukua nafasi, kwa hiyo kinachobaki kwa mzigo wako ni kidogo zaidi, pengine 1,400 na kitu. Baadhi ya njia za waya za majumbani hubeba 1,492. Ni kama barabara nzuri ya lori kubwa ambayo katikati ina daraja la mbao.

Utaratibu upo, na umeandikwa tangu mwaka 1990. Pakiti kubwa ikifika kwenye daraja hilo na imekatazwa kugawanywa, mtambo wa hapo unaitupa na kumrudishia mtumaji ujumbe mfupi kwamba mzigo ni mkubwa, punguza mpaka kiasi fulani. Mtumaji anapunguza, safari inaendelea. Shida inakuja pale msimamizi wa seva au wa mtandao, kwa kuogopa wadukuzi, anapozuia aina yote ya ujumbe huo getini. Mjumbe wa darajani hafiki. Mtumaji anaona kimya, anatuma tena pakiti kubwa ile ile, inatupwa, anatuma tena. Huku wewe unaangalia kiduara.

Kurasa fupi zinapita kwa sababu zinaenea kwenye pakiti ndogo. Hodi na majibu ya hodi ni pakiti ndogo, kwa hiyo unaonekana umeunganishwa vizuri. Pakiti kubwa ya kwanza ndiyo inayokwama. Na makao makuu hawaoni tatizo maana wao hawapiti kwenye daraja hilo.

Katika ofisi ile alikuja fundi kijana, akaingia kwenye ruta, akabadilisha namba moja: MTU kutoka 1,500 kuwa 1,400. Orodha ndefu zikafunguka mchana ule ule.

Dalili yake, basi, ni hii: kidogo kinafunguka haraka, kikubwa hakifunguki kabisa, kila siku, kila saa, mahali hapo hapo, lakini kwa laini ya kampuni nyingine kinafunguka. Kama unatumia VPN kwenye simu, izime kwanza ujaribu. Simu nyingi hazikupi pa kubadili MTU, ila ruta ya shule, ya zahanati au ya ofisi ya chama cha ushirika inakupa, na fundi akija umwambie neno hilo, MTU. Akikushangaa, mtafute mwingine. Upande wa seva dawa ni kuuruhusu ule ujumbe upite, au kuipanga seva itume vipande vidogo tangu mwanzo.

Foleni ya siku ya matokeo

La nne mnalijua. Siku ya matokeo au siku ya mwisho ya maombi, nchi nzima inabisha hodi kwa seva moja. Hapa hata wa mjini anaganda, na ndiyo dalili yake. Mara nyingi utaona namba: 503 maana yake seva imeelemewa, 504 maana yake mtambo wa mbele umesubiri jibu la seva ya ndani mpaka umechoka. Kubonyeza tena na tena kunaongeza foleni. Rudi alfajiri, saa 10 au 11.

Nitoe sifa inapostahili. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani ni mfano mzuri wa wepesi: jedwali, maandishi, namba ya mtahiniwa na alama zake. Hazina mapambo, na wapo wanaozicheka kwa kuonekana za kizamani. Mimi sizicheki. Ukurasa wa shule moja unafunguka hata kwenye E, foleni ikipungua. Na kuna njia ya *152*00#, menyu ya huduma za serikali ambayo haihitaji intaneti wala simu janja.

Ukiwa kwenye kichuguu ufanye nini

Kwanza pima. Fungua ukurasa mwepesi wa maandishi. Ukifunguka, mtandao upo, na tatizo ni la ukurasa ule au la njia ya kwenda kwake. Jaribu laini nyingine. Ikiwa mwenzako wa mjini naye amekwama, ni foleni.

Ikiwa ni uzito, kivinjari cha Opera Mini bado kinasaidia. Seva za Opera huuchukua ukurasa kwanza, huukamua, kisha hukutumia uliopungua. Kiokoa data cha Chrome kilichokuwa kinafanya kazi inayofanana na hiyo Google walikiondoa mwaka 2022, usikitafute. Lakini tahadhari mbili: kwa kuwa ukurasa unapitia kwa mtu wa kati, usiingize nywila ya benki humo, na fomu zenye vijiprogramu vingi zinaweza kukataa. Kwa fomu, afadhali uingie kwenye mipangilio ya kivinjari cha kawaida uzime picha, ikiwa kinaruhusu.

Kupandisha cheti ni kazi nyingine. Mtandao wa simu kwa kawaida hupandisha polepole kuliko unavyoshusha, na picha ya cheti uliyoipiga kwa simu yaweza kuwa MB 4. Jitumie hiyo picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, si kama dokumenti, kisha ihifadhi. Itakuwa imepungua sana. Ikuze uone kama jina na namba bado vinasomeka kabla ya kuipandisha.

Ukishabonyeza Wasilisha na ukurasa ukaganda, usibonyeze tena. Inawezekana maombi yalifika na ni jibu tu lililopotea njiani wakati wa kurudi. Toka, ingia upya kwenye akaunti, angalia hali ya maombi. Wapo waliolipa mara mbili kwa kubonyeza mara mbili.

Kwa wenye kurasa nina ombi moja. Mnapopokea mfumo kutoka kwa mkandarasi, msiufungulie kwenye kompyuta ya ofisini. Chukueni simu ya bei ya chini yenye laini ya kawaida, ilazimisheni itumie 2G, mpeni mtu asafiri nayo kilomita 50 nje ya mji, ajaze fomu mpaka mwisho huku mnamhesabia dakika na MB. Andikeni hizo namba mbili kwenye mkataba kabla ya kulipa. Na tarehe ya mwisho ikifika, tazameni waliofungua akaunti wasimalize fomu, mliangalie na eneo walikotoka.

Binti wa Namtumbo maombi yake yalipokelewa, anasubiri majibu. Mama aliniambia nauli ya kwenda na kurudi pamoja na hela ya steshenari ilizidi ada ya maombi yenyewe. Nimemwomba akifungua ukurasa mwingine ukaganda, aandike mambo manne: ukurasa gani, mahali gani, laini gani, saa ngapi. Nanyi nitumieni hayo hayo kwa meseji ya kawaida kwenye namba ya kipindi. Jumatano nitakuwa na fundi studio, tutaanza na yale yanayoganda mahali pamoja kila siku.